Injini Ambayo Sikuwahi Kuiendesha

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya zege, ndani ya banda la mkulima mmoja kaskazini mwa Ohio, tochi mdomoni, kitambaa chenye petroli mkononi. Mbele yangu bloku ya injini ilikuwa imekalishwa juu ya matairi mawili makuukuu. Mwenyewe aliniambia imefunikwa turubai tangu enzi za Rais Carter. Nikasugua upande wa abiria, pale pembeni mwa kifuniko cha cheni ya taimingi, nikasugua tena. Grisi iliyokauka ikabanduka kama ukoko wa wali chunguni. Kwanza ikajitokeza 2. Halafu 8. Halafu herufi P.

Tarakimu sita zilizofuata nilizijua kabla sijazisoma.

Nimezibeba kichwani tangu mwaka 1987. Ndizo zilizoandikwa kwenye nakala ya hati ya gari langu la kwanza, karatasi ninayoitunza katika bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa.

Mzee mwenye banda alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni, akisubiri nishangilie. Lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda juu kidogo, chini ya silinda hedi, mahali ambapo kiwanda cha Pontiac kiligonga herufi mbili za kuonyesha injini ni ya aina gani. Nikafuta. Nikasoma YS.

"Vipi, ndiyo yenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikakaa kabisa, pale pale kwenye zege, kwa sababu YS ya mwaka ule ni injini iliyofungwa kwenye gari otomatiki.

Gari langu lilikuwa la gia za mkono.

Hayo yalitokea Machi. Wiki kadhaa zimepita na jambo hili halijaniacha nilale vizuri, ndiyo maana naliandika.

## Nyekundu, gia nne

Lilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1968, milango miwili, nyekundu kama pilipili kichaa. Nililinunua Ypsilanti, Michigan, kwa dola 1,900 nilizozidunduliza kwa kuosha vyombo mkahawani usiku na kusoma mchana. Siku hizi ukilitaja gari hilo mbele ya Wamarekani wa rika langu macho yanawatoka. Wakati ule lilikuwa gari kuukuu la mwanafunzi, linalokunywa petroli kama ng'ombe aliyerudi machungani.

GTO ndiyo watu wengi wanayoitaja kuwa mwanzo wa magari ya misuli, kama wenyewe wanavyoyaita: gari la ukubwa wa kati, injini ya gari kubwa, bei ambayo kijana anaweza kuifikia. Lilizaliwa mwaka 1964 kwa ujanja ninaoupenda hadi leo. General Motors, kampuni mama, ilikuwa na kanuni kwamba magari ya ukubwa ule yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac wakiongozwa na John DeLorean wakaichukua injini yao ya inchi 389 na kuiingiza kwenye gari lao la ukubwa wa kati, Tempest LeMans, ila hawakuliita gari jipya. Waliiita nyongeza, kitu ambacho mnunuzi akitaka anaagiza. Kanuni ilizungumzia magari. Nyongeza haikuzitaja. Mwaka ule wa kwanza yakauzwa 32,450, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyethubutu kuyazuia.

Kufikia mwaka wa gari langu, injini ilikuwa imepanda hadi inchi 400, yaani lita 6.6, nguvu za farasi 350. Mwaka huo mmoja zilitengenezwa GTO 87,684.

Na mimi natafuta moja.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa mita ya mizunguko ya injini. Haikuwa kwenye dashibodi. Ilikuwa nje, juu ya boneti, ikimtazama dereva kupitia kioo. Majira ya baridi nilitoka na glavu kuifutia theluji kabla sijawasha gari. Usiku ilitoa mwanga hafifu, na mvua ikinyesha sindano ilionekana kana kwamba iko chini ya maji. Ukikanyaga mafuta, sindano inapanda, boneti nzima inainama upande mmoja kidogo, kisha mkono wako wa kulia unaivuta gia ya pili na kifua kinarudi kwenye kiti. Mkono wa gia ulikuwa wa kampuni ya Hurst, chuma kirefu kilichopinda kumwelekea dereva, na juu yake kirungu cha mpingo nilichotumiwa kutoka nyumbani.

Miaka minne nililiendesha hivyo. Sikuwahi hata siku moja kusoma namba ya injini.

## Simu ya saa tisa

Wenzangu mlio ughaibuni mnaijua simu ya saa tisa usiku. Sina haja ya kuieleza.

Ilikuwa Novemba 1991. Nilihitaji tiketi ya kwenda Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na kitu pekee nilichokuwa nacho chenye thamani kilikuwa kimeegeshwa nje, kimefunikwa barafu. Mtu aliyekuwa akilitamani gari lile kwa muda mrefu alifika saa nne asubuhi. Akahesabu dola 2,600 juu ya boneti, karibu na ile mita. Nikatia sahihi hati. Akaondoka nalo kabla ya saa tano, nami nikasimama barazani nikisikiliza anavyobadilisha gia mpaka alipokata kona.

Nilifika Muheza siku mbili baada ya mazishi. Kwetu maiti hasubirishwi.

Niliporudi Michigan sikulitafuta gari. Niliona kulitafuta ni kama kumdai marehemu.

## Bahasha

Kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, barabara ya Woodward inayotoka Detroit kuelekea mji wa Pontiac hujaa magari ya zamani. Watu huleta viti vyao wakakaa pembeni kutwa nzima kama tunavyokaa kutazama ngoma. Shughuli hiyo ilianza mwaka 1995. Nilikuwa sijawahi kwenda, na niliishi dakika arobaini kutoka hapo. Agosti iliyopita mjukuu wangu akaniburuta.

Saa nane mchana ikapita GTO ya 1968, nyekundu, mita juu ya boneti. Haikuwa yangu. Nililijua hilo mara moja, hata kabla haijafika karibu. Lakini dereva alipobadilisha gia mbele yetu, mkono wangu wa kulia ulisogea wenyewe juu ya goti. Mjukuu wangu aliuona. Hakusema kitu.

Usiku ule nikaitoa bahasha.

Kwa yeyote ambaye hajawahi kutafuta gari la zamani la Kimarekani, namba ndiyo kila kitu. Ya GTO ya mwaka ule inaanza na 242: 2 ni Pontiac, 42 ni GTO yenyewe. Kisha 37, yaani milango miwili na paa gumu. Kisha 8 ya mwaka 1968, herufi ya kiwanda, na tarakimu sita za gari lenyewe. P ni kiwanda cha Pontiac, Michigan. Kuanzia mwaka huo wa 1968 sehemu ya namba hiyo ilianza kugongwa kwenye injini pia, na kwenye giaboksi. Ndiyo maana watu wanaweza kusema injini hii ni ya gari lile, hata kama vimetengana miaka arobaini.

Nikatangaza. Nikaeleza mwaka, rangi, mji nilikouzia, namba ya chesisi isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, ambazo nilizificha ili anayenipigia anithibitishie mwenyewe. Oktoba nikaendesha gari hadi Hershey, Pennsylvania, kwenye ule mnada mkubwa wa vipuri. Nikatembea siku mbili kati ya bampa zilizotandazwa kwenye nyasi, kabureta zilizopangwa kama vikombe vya kahawa, milango, saa za dashibodi, masanduku ya skrubu. Miguu ilivimba. Niliporudi sikuwa na kitu zaidi ya kadi za biashara za watu.

Februari simu ikalia. Sauti ya mzee, ya taratibu, kutoka Ohio. Akanisomea tarakimu mbili nilizozificha.

## Kushuku

Basi mwezi mmoja baadaye nilikuwa pale sakafuni, na herufi mbili zikinikataa.

Jambo la kwanza nililolifikiria ni wizi. Wapo watu ambao kazi yao ni hiyo: wanasaga namba ya kiwandani, wanagonga nyingine inayolingana na gari la mteja, bei inapanda maradufu. Nikamwomba mzee taa yenye nguvu zaidi. Nikatazama kama chuma kina michirizi ya jiwe la kusagia, kama tarakimu zimelala mstari mmoja kwa unadhifu wa kutia shaka. Zilikuwa zimepinda kidogo, zimegongwa na mtu mwenye haraka ya kazi. Nikazunguka nyuma ya bloku, karibu na tundu la distributa, ambako Pontiac walikuwa na desturi ya kuacha tarehe ya kumimina chuma. Ilikuwa L117. L ni mwezi wa kumi na mbili, 11 ni siku, 7 ni mwaka 1967. Hiyo haigongwi, inatoka kwenye kalibu pamoja na bloku, na kuighushi ni kazi ngumu ambayo haimlipi mtu anayeuza injini kwa dola 1,500.

Maana ndiyo bei aliyonitajia mzee. Tapeli angetaja mara tatu.

"Chukua muda wako," aliniambia. "Imengoja, inaweza kungoja tena."

Nilirudi nyumbani bila injini. Njia nzima kutoka Ohio redio ilikuwa imezimwa. Namba ilikuwa ya kweli, tarehe ilikuwa ya kweli, na mimi nilikumbuka klachi kwa mguu wangu wa kushoto. Kimojawapo lazima kiwe uongo. Nilihofu, nasema kwa dhati, kwamba ni mimi. Nina umri ambao mtu anaanza kujiuliza maswali hayo.

Kuna ofisi moja hapa Marekani, Pontiac Historic Services, inayotunza kumbukumbu za kiwanda. Ukiwapa namba ya chesisi wanakutumia nakala ya ankara ya gari lako, kama lilivyotoka mlangoni mwa kiwanda. Ningepaswa kuanza huko. Sikuanza huko kwa sababu niliamini nalijua gari langu.

Ankara ikafika Aprili. Nikaisomea kwenye gari, nje ya sanduku la barua, injini ikiwa inanguruma bado.

Tarehe: Januari 1968. Wakala: Ohio. Rangi: Verdoro Green.

Kijani.

Giaboksi: Turbo Hydra-Matic. Otomatiki, gia tatu.

Nyongeza: mita ya mizunguko, juu ya boneti.

Hapo kwenye mstari wa mita nilikaa muda mrefu. Kati ya karatasi ile na kumbukumbu zangu, hapo ndipo palipokutana. Mita niliyoifutia theluji ilikuwa ya tangu siku ya kwanza. Mengine yote niliyoyapenda, rangi, gia, sauti, hata injini iliyonirudisha kitini, yaliletwa na watu wengine baadaye.

## Ribiti

Kisha nikakumbuka upepo.

Gari lile lilikuwa na upepo wa baridi uliokuja kutoka chini, upande wa kulia wa mguu wangu, kila Desemba hadi Machi. Nilikuwa nikitia soksi kuukuu pale. Nilidhani ni kutu tu, kwa sababu Michigan inamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi inakula magari kama mchwa; chini ya Detroit kwenyewe kuna mgodi wa chumvi. Siku moja nilinyanyua zulia kuutafuta upepo. Nikakuta kipande cha bati kimebandikwa juu ya mgongo wa sakafu, kimefungwa kwa ribiti kuzunguka mkono wa gia. Ribiti zilipangwa kwa nafasi sawa sawa, kama mshono wa fundi cherehani mzuri. Nikarudisha zulia.

Nililiona jibu lote mwaka 1988 na sikulisoma.

Gari lililotoka kiwandani na gia za mkono lilichomelewa nundu yake maalumu kwenye sakafu ili giaboksi ipate nafasi. Lililotoka na otomatiki halikuwa nayo. Anayetaka kulibadilisha hukata. Kuna mtu alikuwa ameikata sakafu ya gari langu, akapandisha giaboksi ya Muncie, ya gia nne, akafunga pedali ya klachi, na kuziba tundu kwa bati na ribiti. Nilipompigia mzee wa Ohio kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia habari ambayo hakuona umuhimu wake hapo kabla. Marehemu kaka yake aliinunua injini ile mwaka 1978 kwa jirani, ambaye mtoto wake alikuwa ameishusha. Ilikuwa inagonga. Injini za mwaka ule zilibana sana mchanganyiko wa hewa na petroli, kumi na kitu kwa moja, zilitaka petroli ya daraja la juu yenye risasi, na petroli ya namna hiyo ilikuwa inapotea vituoni. Kijana akapandisha injini nyingine, na kwa kuwa mambo yalikuwa wazi hivyo, akatimiza na hamu yake ya gia za mkono.

Kumbe kuna kijana wa Ohio niliyeishi ndani ya kazi yake miaka minne. Simjui jina. Alipima ribiti zake kwa rula.

Nimewaza pia kwamba gari lile lingekuwa Tanga, ningejua. Kadi ya gari ya kwetu inaandika namba ya chesisi na namba ya injini, na ukibadilisha injini unatakiwa ukairekebishe kadi. Hati ya Michigan ilikuwa na namba moja tu, ya gari. Injini ilibadilishwa na karatasi haikujua.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Likoni aliyefanya kazi ya ufundi magari Columbus miaka thelathini, nilimweleza yote haya kwa simu. Akasema, "Sasa wewe, bwana, watafuta gari au watafuta cheti chake cha kuzaliwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

## Kaka

Jumapili iliyofuata nilimpigia kaka yangu Muheza. Ana miaka themanini na moja, na macho yamepungua lakini masikio bado.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umelipata gari lako?"

"Nimeipata injini yake. Lakini si ile niliyoiendesha mimi."

Nikamsimulia: kijani, otomatiki, ribiti. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa ile namna ya mafundi ya kutokatiza mtu anayeeleza ubovu. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na kile kirungu?"

Sikuweza kujibu mara moja. Katika tangazo langu niliandika mwaka, rangi, chesisi, aina ya kabureta. Kirungu sikukitaja. Hershey nilipita kati ya maelfu ya vipuri kwa siku mbili na sikukitaja kwa mtu yeyote.

Kaka ndiye aliyekikereza, kwenye karakana ya shamba la mkonge alikofanya kazi. Kile nilichokikuta kwenye gari kilikuwa cha plastiki, kimepasuka. Nilimchorea vipimo kwenye karatasi ya barua, tundu la nati la thumuni tatu za inchi, na baada ya miezi mitatu kikaja kimezungushiwa gazeti la Uhuru: mpingo mtupu, kizito, cheusi hadi kinang'aa, ndani kimetiwa bushi ya shaba. Baba alikuwa dereva wa lori la shamba lile lile. Alikuwepo karakana siku kinakerezwa. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Alimwambia kaka amwandikie jina lake chini yake, sehemu isiyoonekana, kisha akasema, "Basi na mimi nitaendesha Marekani."

Kaka akachoma herufi mbili za jina la baba kwa msumari wa moto.

Na ile asubuhi ya Novemba, nikikimbilia kumzika, nilimkabidhi mtu nisiyemjua gari pamoja na kirungu. Nilikikumbuka nikiwa juu ya bahari. Niliona aibu kumwambia kaka, na hakuwahi kuniuliza. Alingoja miaka yote hiyo mpaka Jumapili ile.

Injini ilikuwa imenivunja moyo pale Ohio, na hadi wakati huo nilidhani tatizo ni herufi YS.

## Msumari wa gereji

Kumtafuta mnunuzi wangu wa mwaka 1991 hakukuhitaji namba ya bloku. Kulihitaji jina lake, ambalo lilikuwa kwenye hati ya mauziano ndani ya bahasha ile ile. Mwenyewe ameshafariki. Binti yake yupo, naye ni mtu mzima sasa, na alinijibu ndani ya siku mbili.

Gari halipo. Chesisi ililiwa na kutu mpaka ikavunjika nyuma ya difu. Baba yake alitoa alichoweza, injini akaiuza, giaboksi ya Muncie akaiuza, mita ya boneti ikaenda na boneti, na mabaki yakapelekwa kwenye mashine ya kuponda magari mwaka 1996. Nilisoma ujumbe wake nikiwa nimesimama. Nilitarajia kuumia zaidi ya nilivyoumia.

Mwisho kabisa aliandika kwamba mkono wa gia baba yake hakuuuza. Aliutundika kwenye msumari ukutani gerejini, kwa sababu ya mti wake, na walipokuwa wadogo wao walikuwa wakiuchezea. Walidhani zile herufi ni za kwangu.

Nilimwambia ni za nani.

Hakutaka pesa. Aliomba kitu kimoja, picha ya mwenye herufi. Ninayo moja tu: baba amesimama mbele ya lori, marobota ya mkonge nyuma yake, mkono mmoja juu ya mlango. Nikaipiga nakala, nikamtumia.

Wakati huo huo mtu mwingine alikuwa ananipigia kila wiki. Alikuwa ameliona tangazo, alijua bloku imepatikana, na alinipa dola 6,000 kwa bloku, ankara na nakala ya hati yangu. Hakuficha sana shabaha yake: alikuwa na GTO isiyokuwa na namba za kulingana, na mimi nilikuwa na namba zisizokuwa na gari. Kuhamisha namba ya gari ni kosa la jinai hapa. Hata kama lisingekuwa, nisingemwachia. Nilikwenda Ohio tena, nikampa mzee nakala ya ankara kutoka kiwandani. Ameitia kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga kwa waya kwenye bloku, chini ya turubai. Tulikunywa kahawa. Tumekubaliana hatauza bila kunipigia kwanza, na mimi bado sijaamua.

Kifurushi kilifika Jumanne. Mkono wa gia umeshika kutu kwenye maungio, ila chuma chake hakijapinda. Kirungu kilikuwa kimekauka, kimefifia rangi kama mkaa wa jana, na kimepata ufa mwembamba upande mmoja kwa miaka ya joto la gerejini na baridi ya nje. Nikakipaka mafuta ya nazi kwa kidole, kidogo kidogo, nikakiacha usiku kucha kwenye sahani. Asubuhi kilikuwa cheusi tena.

Nilikaa jikoni nikakishika. Kidole gumba kilijua pa kukaa. Nikasukuma kushoto kisha mbele, ambako Muncie inaweka rivasi, na mke wangu akaniuliza nakwenda wapi.

Jioni tukampigia kaka kwa video. Mjukuu wake ndiye aliyemshikia simu. Nikakiinua kirungu mbele ya kamera, naye akasogea mpaka uso ukajaa kwenye kioo.

"Kigeuze nione chini."

Nikakigeuza. Akaomba miwani. Ikatafutwa, ikaletwa, akavaa.

"Hapo kwenye herufi ya pili," akasema, "msumari uliteleza. Nilitaka nikereze kingine. Baba akaniambia niache hivyo hivyo."